Jogoo wa Ijumaa Kuu

Mwaka ule kuku walikuwa wanapanda bei kwa saa,
baba akamwahi wetu Shekilango, Ijumaa Kuu yenyewe,
akamfunga miguu, akamtia kikapuni,
akamwingiza kanisani Tabata, chini ya benchi,
kimya, kama dhambi ndogo.

Joto. Feni moja, nayo mvivu.
Katekista Gaudensi anasoma Mateso, mishipa imemtoka:
"Simjui mtu huyu!"
Kabla hajameza mate
kikapu kikawika.

Kanisa zima likageuka.
Mama Skolastika wa kwaya, macho tochi:
"Wako?"
"Si wangu."
"Mbona kikapu kina jina lako?"
"Majina hufanana."
Mdogo wangu Desi, miaka minne, uongo hajaujua:
"Baba, jogoo wetu ana kiu."
"Mtoto wa nani huyu?"

Jogoo akawika mara ya pili.
Padri alijifunika kitabu, mabega yakimcheza.
Baba akatoka nje. Hakulia kwa uchungu,
alikwenda kumtafutia maji.

Jumapili, Aleluya, tulikula pilau kwa maharage.
"Aliyekuhubiria humli," alisema, akakificha kisu.

Na kila alfajiri saa kumi, mtaa mzima ukilaani,
tulimsikia baba chumbani, ndani ya neti:
"Ndiyo, ndiyo. Ni wangu."