Chumvi ya Jirani

Mji wetu ni mdogo, na una adabu.
Hapa Entebbe, upande huu wa mlima,
hata majani makavu huanguka kwa haya,
kwa kuwa kuna mtu analipwa kuyafagia.
Ndege za alfajiri hupita chini juu ya Lunyo
na hakuna anayeinua uso:
wengine tumekwisha kuzipanda,
waliobaki wanafua shuka za waliopanda.

Majirani nawajua kwa jenereta zao.
Umeme ukikatika, wa kulia hukohoa kama mvuta kiko,
wa kushoto hunguruma kidogo tu, kwa gharama,
na yule wa mbele, mwenye ukuta wa rangi ya maziwa,
hana sauti kabisa. Ana betri za jua.
Huyo ndiye tunayemwonea wivu.

Marehemu Kyagaba, mume wangu, alipima mvua.
Miaka ishirini na tisa, kila saa tatu asubuhi,
aliinama juu ya kopo la serikali
akaandika milimita kwa kalamu ya wino.
Tulipohamia hapa mpaka ulikuwa michongoma,
nayo michongoma ina matundu.
Sahani ya matoke ilipita juu yake
ikarudi na mukene waliokaangwa,
maana sahani hairudi tupu.
Kisha ukuta ukaja, wa kiunoni.
Ukaja wa mabegani.
Ukaja wa vigae, na juu yake waya unaoimba usiku kucha
wimbo wa noti moja.

Madalali huja na viatu vinavyong'aa.
"Mama, wewe taja tu bei."
Sitaji. Kumbe natajirika nimekaa kitako:
kiwanja kinanenepa,
mimi nakonda.

Sasa, Jumamosi ile.
Mchuzi wa karanga uko motoni, unachemka polepole kama unavyotaka,
nafungua mkebe: chumvi imekwisha.
Duka letu la karibu lina jibini aina saba
na liko mwendo wa gari.
Kitoro ningefika kwa miguu,
lakini karanga hazisubiri, hushika chini.
Nikavuka barabara na bakuli langu,
nikabonyeza kengele ya ukuta wa maziwa.

Lango likasema: "Nani?"
Jirani.
"Jirani yupi?"
Wa hapa. Wa mbele yenu. Wa bati jekundu.
"Una miadi?"
Nikatazama kijicho cha kamera
nacho kikatazama ndara zangu,
ya kushoto buluu, ya kulia kijani.
Nilitaka kusema chumvi haina miadi.
Nilisema: hapana.
"Madamu yuko mkutanoni, anaongea na Jeniva."

Nilikwisha kugeuka
kilipofunguka kile kimlango kidogo tumboni mwa lango,
akatoka askari, kijana mrefu, kofia mkononi,
na chumvi ndani ya ukurasa wa gazeti.
"Ni yangu," akasema, "ya maharage yangu kule nyuma ya gereji.
Kimbia, mama, mchuzi utaungua."
Jina? Okiror. Kwao? Ngora, mbali,
huko ambako, alisema, hata mbwa hubisha hodi.
Nikakimbia. Mwaka gani mara ya mwisho nilikimbia?

Mchuzi ulishika chini kidogo.
Nikaula hivyo hivyo, nimesimama,
nikacheka peke yangu jikoni hadi machozi.

Kesho yake nikapakua uliobaki, wa juu, usioungua,
nikaufunika kwa jani la mgomba,
nikavuka tena, safari hii na viatu vinavyofanana.
Nikabonyeza.
"Nani?"
Mgeni wa Okiror.

Lango likanyamaza.
Ndani, mbali, mashine ya nyasi ilizimwa, ikawashwa.
Nilisikia mtu anamwuliza mtu.
Kisha sauti ikarudi, safi, yenye heshima zote:
"Okiror yupi?"

Juu ya nguzo ya taa tumbili mmoja, mtoto kamng'ang'ania tumboni,
alikuwa tayari analichungulia bakuli.