Nambari 31

Saa mbili kasorobo. Ukungu wa Tisza bado umekwama dirishani.
Namvisha mzee Bertalan kibanio kwenye kidole cha shahada,
waya mwembamba hadi kompyuta,
na mstari wa kijani unaanza kutambaa.
Kidole kimoja hakivunji chawa, najua,
ila hiki kitamsengenya mwenyewe hadi saa nne.

"Kati ya sifuri na kumi, hofu yako ni ngapi?"
"Sifuri." Hata hakufikiri.
"Miaka thelathini na minne nimeendesha tramu, binti,
nimeona watu wakivuka reli huku wakisoma gazeti.
Jino ni nini?"
Naandika sifuri. Mstari unaandika mengine.

Kisha mate. Anatafuna kipande cha pamba dakika nzima,
anakitema kichupani kwa aibu,
kama mtoto aliyefumwa na peremende darasani.
Maabara itatafuta humo homoni ya wasiwasi.
Nabandika namba. Jina halitakiwi.

Daktari Emőke anainua sindano.
Mstari unaruka kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi,
unatua.
Ufizi unapasuliwa. Keekee inalia
kwa ile sauti inayonikaza mimi shingo tangu Septemba;
yeye, mapigo sabini na mawili.
Mguu wake wa kulia tu
unakanyaga breki ambayo haipo.

Gego linatoka vipande vitatu.
Hapa nilitarajia mlima, nilishauachia nafasi kwenye karatasi.
Wapi! Tambarare,
kama nchi hii yote kusini ya mto.

Ni baadaye, nyuzi zimeshafungwa, pamba imeshaumwa,
muuguzi Piroska anasoma maagizo kwa sauti yake ya kila siku:
barafu shavuni, supu ya vuguvugu,
usisukutue kwa nguvu,
na nani anakuja kukuchukua?

Mstari ukapaa.
Ukapita nafasi niliyoacha, ukagonga ukingo wa skrini,
ukabaki hukohuko ukitetemeka.
Usoni, hamna kitu. Alijikaza kisabuni.
Akainua kidole, kilekile chenye waya,
akajionyesha kifuani.

Aliomba jino lake. Vipande vyote vitatu,
akavikunja ndani ya shashi, akavitia mfuko wa koti.
Dirishani nilimwona kituoni, shavu limejaa,
na dereva wa tramu akimpigia kengele
kabla hajasimama.

Profesa atasema kibanio kililegea,
tufute dakika hizo, zinachafua hesabu.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema waliotutangulia,
na wala hawakuwa na waya.

Fomu yangu ina visanduku vinne:
Sindano. Keekee. Kung'oa. Mshono.
Nimechora cha tano kwa mkono, kimepinda.
Sikujua nikiite nini.
Nimeandika saa tu:
tatu na dakika arobaini na moja.