Rangi Mbichi

Langoni mwa mgodi wa Kusumdih pana ubao wa bati,
na chini ya MENEJA, chini ya MHANDISI,
pana mstari: AFISA USALAMA, S. HEMBROM, MWENYE CHETI.
Ndimi niliyeuandika, mimi Phulo, karani,
kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi.

Salkhu Hembrom alistaafu mvua za mwaka juzi.
Anafuga bata huko Dumka, mguu umemvimba.
Jina lake ndilo bado linashuka shimoni kila zamu,
linapima gesi,
linagonga dari kwa fimbo na kusikiliza mwamba,
linatia sahihi.

Sheria yenyewe haina maneno mengi.
Nimeipiga chapa hata vidole vinaijua:
mwenye mgodi atamteua, kwa maandishi,
mtu mwenye cheti, mwenye macho yaliyopimwa,
asiyebebeshwa kazi nyingine ya kumtoa kwenye hiyo.
Atamteua.
Si “anaweza”. Si “akipenda”.
Kitenzi kimesimama kama gogo linaloegemeza dari;
king'oe, kisha usiniulize kishindo ni cha nini.

Bwana Lahiri husema: Phulo, wewe andika tu,
karatasi ikijaa, mkaguzi hushiba.

Anayeshuka kweli ni Mangra, dereva wa trekta,
miaka ishirini na mbili, kapewa filimbi na kofia nyeupe.
Juzi alinijia na taa ya kupimia gesi:
Dada, mwali ukivaa kilemba cha buluu, maana yake nini?
Aliniuliza mimi, wa mafaili na chai!
Nikamwambia: maana yake kimbia.
Akacheka. Nikacheka.
Kisha tukasikia winchi inavyolia, tukanyamaza.

Leo mkaguzi anafika saa nne kutoka Dhanbad.
Nimeagizwa nipake upya, jina ling'ae.
Nimepanda ngazi na kopo langu la rangi nyeupe.
Nimeanza na M ya mwisho, nikarudi nyuma,
O, R, B,
pole mzee Salkhu, kapumzike sasa na bata wako,
mpaka S ikazama.
Buluu sikuifungua.

Mangra yuko chini ya ngazi, shingo kaikunja.
Dada, mbona hapana jina?
Hapana mtu, nikasema. Nimeandika kilichopo.

Behewa la kushukia likapiga kengele mara mbili.
Akanitazama. Akautazama ubao.
Akaivua kofia nyeupe, akaiweka chini,
akaikalia.