Jiwe la Kabeji

Beseni ni la enameli, jeupe, ukingo wa buluu.
Mama mkwe alifulia humo nepi za watoto sita,
kisha likatoboka, likazibwa, likasahaulika
nyuma ya kibanda cha majembe
hapa Łódź, ng'ambo ya reli,
ambako kila mstaafu wa kiwanda cha nguo
ana kipande chake cha bustani, ua wa waya, na jirani.

Nililitoa mwezi Mei, nikaliweka juu ya kisiki cha mtufaha,
nikalijaza hadi ukingoni
kama mtu aliyealika wageni na hataki kusemwa.

Nimeendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Kungoja abiria nakujua.
Siku ya kwanza hakuja yeyote. Ya pili, nyuki.
Ya nne, alfajiri, kinda la kwezi
limelala juu ya maji, mbawa wazi,
kama tiketi iliyokwisha kutobolewa.

Wiesława hakunilaumu. Alitumbukiza kidole,
kikazama chote, akasema:
"Zenon, hiki ni kisima. Wao wanataka dimbwi."

Basi nikajifunza udogo.
Maji yasipite kifundo cha kwanza cha kidole.
Chini kokoto, maana ukucha hauamini utelezi.
Na katikati jiwe, mahali pa kutua na kufikiri.
Nililikuta kibandani, zito, laini, rangi ya moshi,
saizi kamili, kana kwamba mto ulinipima kwanza.

Shomoro walifika kabla mikono yangu haijakauka.
Kuoga kwao ni ugomvi:
kichwa chini, mkia juu,
matone hadi kwenye miwani yangu.

Tangu hapo nina kazi.
Kila baada ya siku moja namwaga; maji ya juzi ni shule ya mbu.
Jumamosi nasugua ukoga kwa brashi na siki,
sabuni hapana, huwaibia manyoya mafuta yake.
Na kisiki nimekisogeza hatua tano kutoka kichakani,
kwani jirani Mieczysław ana paka aitwaye Mwenyekiti,
na Mwenyekiti hakosi mkutano.

Oktoba, Wiesława alikatakata kabeji kumi na mbili,
akazishindilia na chumvi pipani,
akafunika kwa ubao, akanyoosha mkono nyuma
bila kutazama, kama kila vuli tangu tuoane,
na mkono ukarudi mtupu.

"Jiwe liko wapi?"

Nilitazama buti zangu.
Jiwe la bibi yake. Lilitoka mashariki kwa mkokoteni,
chini ya magodoro, vita vilipokwisha,
maana mito ya huku, bibi alidai,
haina mawe ya kuaminika.

Tukatoka nje. Juu ya jiwe, chiriku,
kifua rangi ya tofali, anachuruzika,
anakung'uta ubawa mmoja, halafu wa pili,
bila haraka,
kama anayeanua nguo na anajua mvua haiji.
Wiesława alisimama na aproni yake, mikono ikinuka chumvi.
Treni ya mizigo ikapita, mabehewa arobaini na moja.
Ndege hakuruka.
Yeye ndiye aliyerudi ndani.

Jumapili iliyofuata niliona pipa:
juu ya ubao, pasi ya chuma ndani ya mfuko wa nailoni,
juu ya pasi, saa ya shaba
niliyopewa na kampuni siku ya kustaafu.
Inafanya kazi bado. Kabeji zetu zinachacha kwa ratiba.

Sasa ni Januari, na usiku maji hugeuka kioo.
Mieczysław anashauri: tia chumvi.
Chumvi ni ya kabeji, Mieczysław.
Mimi huja gizani na themosi mbili,
ya kwanza maji vuguvugu, si ya kuchemka, enameli ina hasira.
Namimina taratibu kando ya jiwe
mpaka barafu inakohoa, inaachia.

Themosi ya pili ni chai yangu.
Siku hizi Wiesława huziandika kwa chaki ipi ni ipi,
tangu asubuhi ile nilipowamiminia shomoro chai ya sukari.
Walioga. Hawakulalamika.
Mwenyekiti alikuwa juu ya ua,
akichukua kumbukumbu.