Viganja Tisa

Dukani kwangu Tregaron, wari ni ufito wa shaba
uliopigiliwa misumari mezani. Haubishani na mtu.
Idwal, mume wangu, alipima farasi kwa kiganja,
kimoja kimelazwa juu ya kingine, toka kwato hadi bega,
kisha akaja kuniagiza blanketi:
"Huyu ni kumi na nne nukta tatu."
Ongeza inchi moja, nikasema, ni nukta nne.
"Hapana. Ni kumi na tano.
Kiganja kina inchi nne tu, Heulwen;
ya nne ikifika, hakuna tena nukta."
Miaka thelathini tukigombana hivyo,
mimi nikigawanya kwa tisa nyuma ya risiti,
yeye akicheka, majani makavu nyweleni.

Februari hii yule jike wa kijivu amezaa usiku.
Nilishuka bandani na taa, bila ufito, bila yeye.
Mtoto alisimama, miguu minne haijapatana bado.
Nikalaza kiganja, nikalaza kingine:
kumi, na kidogo.
Nikarudia. Kumi, na kidogo.
Mkono wangu mwembamba; hesabu za daftari haziutambui.

Glavu yake ilikuwa bado msumarini,
ngumu kwa tope la mnada wa mwisho.
Nikaivaa. Vidole vyangu vilipwaya humo.
Nikaanza upya kwenye kwato,
na kwenye tisa bega likaisha.

Wari moja, Idwal.
Hilo nalijua bila kugawanya.
Kesho nitamkatia nguo.