Kidato cha Tano

Miezi saba umelelewa na mashine, Khainza.
Kapu lako chini ya meza ya kukatia,
vipande vya sare za shule ndio godoro,
maruni, kijani, kaki kidogo,
na cherehani yangu ikikusimulia
trrr, trrr, mpaka shingo ikalegea.
Nikifunga duka nakubeba juu
begani, kama jora la kitambaa.
Hukuwahi kupanda ngazi ukiwa macho.
Kwako dunia ilikuwa na ghorofa moja.

Jumanne ukaokota pini.
Haikufika mdomoni, lakini mama yako aliiona,
akafunga mkanda wa sare yake ya unesi,
akasema: huyu sasa alale kama mtu.
Juu. Saa moja na nusu.
Akaniandikia nyuma ya risiti:
beseni, mafuta, maziwa, chandarua, taa, mlango.
Akaondoka zamuni, na Mbale ikawa giza,
nikabaki na karatasi, na wewe, na vidato kumi na vitatu.

Kidato cha tano kinalia.
Nyumba hii ni ya zamani kuliko baba yangu,
mbao zake zina maneno.
Tulipokikanyaga ulinikazia macho
kana kwamba mimi ndiye niliyelia.

Nilikuosha. Nilikupaka. Ulikunywa.
Nilishusha neti, nikazima taa.
Na hapo, mwanangu, uliita mtaa mzima.
Mama Nambozo wa malewa akagonga ukuta,
kwanza kwa hasira, kisha kwa huruma.

Nikakusogeza dirishani.
Wanale imesimama nyeusi kama ubao,
na juu kabisa, taa moja,
ya mtu nisiyemjua.
Labda naye ana wake mikononi.
Uliitazama, ukanyamaza, ukapumua mara tatu,
ukakumbuka kulia.

Usiku wa tatu ndipo nilipofahamu:
kinachokutisha si giza, ni kimya.
Nikaweka ulimi nyuma ya meno,
trrr, trrr,
mimi, mtu mzima, fundi mwenye leseni,
na suruali arobaini zinanisubiri chini,
nashona hewa kwa mate
hadi midomo ikanikauka.
Ukalegea.
Nikashuka kwa ncha za vidole,
kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja,
nikajisahau kwenye cha tano.
Nikaanza upya, tangu beseni.

Nilimwita Wamono seremala.
Alisema ni misumari miwili na soda moja,
aje Jumamosi.

Ijumaa nikakupandisha, umekaza macho kama mlinzi.
Cha kwanza, cha pili. Kwenye cha nne ukasubiri.
Cha tano kikalia
nawe ukapiga mwayo,
ukaniwekea shavu kwenye futi ya kupimia
iliyokuwa bado shingoni mwangu.

Wamono alipokuja nilimpa soda yake,
nikamrudisha na misumari yake.
Alinitazama sana.
Nikamwambia: binti yangu amefika kidato cha tano
na bado hajajua kusema baba.

Sasa duka ni langu peke yangu usiku.
Kapu amelipanga paka wa jirani,
halipi kodi.
Nakanyaga mashine, nashona mshono mmoja,
nasimama, nasikiliza dari.
Hakuna kitu.
Nashona nusu mshono, nasimama tena.
Sijui aliyehamishwa ni nani.

Alfajiri mama yako anaingia na harufu ya dawa,
viatu mkononi,
anaruka kidato cha tano kama anayeruka mfereji.
Amelala saa ngapi?
Saa moja na nusu, namwambia, kama ulivyoandika.
Na hilo la ulimi nalimeza.