Ndege wa Udongo

Bomba tulilipasha kwenye jiko la Mama Sayi
hadi likalegea kama ulimi wa mlevi;
Nkwabi akalikunja, akalitia mpini wa fagio,
akakaza mpira wa tairi kwa meno.

Visahani tulivifinyanga kwa tope la Igombe,
vikakauka juu ya jabali, kumi na tisa.
Vitatu vilipasuka.
Kimoja kilikanyagwa na mbuzi.

“Rusha!”
Kikaruka kikijizungusha, chembamba,
manati ikalia. Patupu.
Kingine. Patupu.

Minana kwenye mafunjo walinyamaza kwanza.
Walitujua, mikono yetu waliijua.
Alasiri wakaanza tena kufuma viota,
nasi bado tunakosa, tunacheka,
ziwa linameza
udongo wake.